Sura ya Saba: Mzigo Hufungwa Pwani

Mwezi Januari 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Unguja, akihangaika na swali ambalo ramani za Ulaya hazikuweza kumsaidia: anunue ushanga gani? Alikuwa anajiandaa kwenda bara kumtafuta mmisionari na msafiri David Livingstone. Huko njiani sarafu zisingemfikisha mbali. Chakula cha msafara na hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watemi, vingelipwa kwa kitambaa, waya wa masango na ushanga. Wenye uzoefu walimfunza kwamba ushanga mweusi ulipokelewa Ugogo, lakini kwingine haukuwa na thamani. Ule mkubwa ulioitwa sungomazi ulitakiwa Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ila mahali pengine ungekataliwa. Mweupe ulifaa Ufipa, na Ukonongo wangeudharau. Stanley akanunua magunia 22 ya aina 11, akijua kwamba kosa lolote atalilipia miezi kadhaa baadaye, mahali ambapo hawezi kurudisha mali wala kuibadilisha.

Njia aliyokuwa anaiendea ilianza Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikapita Ugogo na nyika kavu ya Mgunda Mkali, ikaingia Unyanyembe, nchi ambayo ndani yake Tabora ilikua na kuwa kituo kikuu cha biashara ya bara. Kutoka Tabora njia iligawanyika: magharibi hadi Ujiji, kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Kila kitu kilichotumwa kutoka pwani kilipimwa hapa, na watu walioshika bidhaa mikononi mwao kisha wakaamua kama inastahili kuendelea na safari.

Nimeanzia kwenye njia ya Tabora ili nijibu swali la leo. Mfululizo wa gemu za Pokémon ulizaliwa mwaka 1996 kwenye kifaa cha mkononi cha Game Boy, na tangu katikati ya miaka ya 2010 umekuwa ukiachia gemu mpya karibu kila mwaka, mara nyingi mwezi Novemba. Je, uubadili utaratibu huo? Nasema uubadili. Sababu yangu kubwa kuliko zote imo katika historia ya njia hii: haraka ya anayetuma mzigo hulipiwa na anayeupokea mwisho wa safari.

Waliopokea ndio waliochagua

Biashara ya misafara husimuliwa mara nyingi kana kwamba maamuzi yote yalifanyika pwani, na watu wa bara walipokea tu kilicholetwa. Ushanga unaeleza habari tofauti. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika kwamba biashara hii ilikuwa na aina zipatazo 400 za ushanga, kila aina na jina lake, bei yake na nchi iliyoipenda. Samisami, ushanga mwekundu, ulipita sehemu nyingi. Aina nyingine zilikuwa na wapenzi wao katika nchi moja au mbili, na upendeleo huo uliweza kubadilika kabla mfanyabiashara hajamaliza kuuza alichokuja nacho.

Ushanga mwingi ulitengenezwa Venice. Agizo lilivuka bahari, mali ikaja kwa meli, ikapangwa Unguja, ikafungwa magunia, kisha ikapandishwa bara mabegani mwa watu. Huko ilihesabiwa kwa khete, na khete kumi zilifanya fundo moja. Kati ya siku ambayo mnunuzi wa Unyanyembe alionyesha anataka nini na siku ambayo kitu hicho kilimfikia, zaidi ya mwaka mzima uliweza kupita. Katika muda huo wote habari ilisafiri kinyume na bidhaa. Kukataa kwa watu wa bara kulishuka pwani na msafara, kukamfikia tajiri wa Kihindi aliyewakopesha wenye misafara, na kwa barua kukafika hadi kwa watengenezaji. Mtengenezaji aliyepuuza habari hiyo alijikuta na mali isiyonunuliwa.

Mwenye mali alikuwa na hatari mbili mbele yake. Akichelewa, pengine mtindo umepita. Akiwahi na mali isiyofaa, amewalipa watu kubeba uzito usio na maana. Hatari ya pili ndiyo iliyouma zaidi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, na ujira wake ulikuwa uleule, ushanga uwe unapendwa au haupendwi. Aliyechelewa na ushanga mzuri aliweza kuuza msimu uliofuata. Aliyefika mapema na ushanga mbaya alikuwa amekula ujira, posho na hongo, na mkononi hana kitu.

Hii ndiyo sababu watu wenye busara waliweka umakini wao mwanzoni mwa safari. Gunia lilichaguliwa, likakaguliwa na kufungwa pwani. Likishaingia Mgunda Mkali, hakuna aliyeweza kurekebisha kilichomo ndani.

Kalenda ya jembe

Sasa tuutazame mwendo wenyewe. Nani aliamua msafara uondoke lini?

Kwa sehemu kubwa, aliyeamua ni mpagazi. Wengi wa wapagazi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi hii kwa ujira, na kijana aliyekwenda pwani na kurudi alijipatia heshima kwao. Njia hiyohiyo ilipitisha pia mateka waliokuwa wanauzwa, na sifa tunazowapa wapagazi hazifuti uovu huo. Lakini kazi ya Wanyamwezi inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu bila mabega yao tajiri wa pwani alikuwa na ghala lililojaa na hana njia ya kulitoa.

Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa pia mkulima. Misafara ya kushuka pwani iliondoka baada ya mavuno, kiangazi kinapoanza, wakati mito imepungua na vijiji vya njiani vina nafaka ya kuuza. Mvua za kuelekea mwisho wa mwaka zilipokaribia, alitaka awe nyumbani ashike jembe. Pwani nako kulikuwa na majira yake: kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni na India kuanzia Desemba, na kusi ikayarudisha kuanzia Aprili. Biashara nzima iliishi kwa kupatanisha upepo wa baharini, mvua za bara na mwili wa binadamu. Ilidumu miongo mingi kwa sababu iliyaheshimu mambo hayo matatu.

Aliyeyapuuza alionyeshwa. Burton na mwenzake John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, kiangazi, wakafika Kazeh Novemba. Safari yao ilikuwa na maradhi na ugomvi mwingi, lakini msafara ulifika. Mara ya pili Speke alikuja na James Augustus Grant, wakaondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba 1860, wakati ambao mkulima anafikiria kurudi shambani. Walikuwa na sababu za kuharakisha. Jumuiya ya Kijiografia ya London ilikuwa inasubiri, na mpango ulishawekwa wa kukutana na mfanyabiashara John Petherick kwenye Nile, huko Gondokoro. Tarehe ya safari iliamuliwa na miadi ya watu walioko mbali sana na Ugogo.

Ugogoni wakakutana na njaa na mvua. Walipoingia Kazeh mwishoni mwa Januari 1861, Speke aliorodhesha hasara: wapagazi 98 wa Kinyamwezi wametoroka, nyumbu 12 wamekufa, na zaidi ya nusu ya mali imeibwa. Halafu wakakwama. Unyanyembe ilikuwa na vita kati ya mtemi Mnywa Sele na Waarabu, na watu wa kubeba mizigo hawakupatikana. Karagwe walifika Novemba 1861, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuondoka pwani. Gondokoro walifika Februari 1863. Kuondoka haraka hakukuwawahisha hata kidogo, na watu wa njiani ndio walionyang'anyana chakula kidogo kilichobaki na msafara uliokuja wakati mbaya.

Livingstone naye anatupa mfano wa upande wa pili. Alipofika Ujiji mwezi Oktoba 1871 alikuta vitu alivyotumiwa vimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Vilitumwa, lakini havikupewa mikono ya kuaminika. Stanley alipomkuta, walirudi pamoja hadi Kwihara, jirani na Tabora, na katikati ya Machi 1872 Stanley akaendelea peke yake kwenda pwani kumtafutia watu na vifaa vipya. Livingstone alikaa Kwihara akingoja hadi tarehe 25 Agosti. Alikuwa mgonjwa, na kila mwezi uliopita ulikuwa mwezi mmoja kati ya michache iliyombakia, lakini hakuondoka mpaka watu wafike. Walikuja zaidi ya 50, waliochaguliwa vizuri. Alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watu hao pamoja na watumishi wake wa siku nyingi, Susi na Chuma, waliubeba mwili wake, wakapita Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Kazi kubwa namna ile haifanywi na kundi lililookotwa kwa pupa. Miezi mitano ya kungoja Kwihara ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Jina la Merikani

Mtu wa biashara atauliza: bidhaa yenye jina kubwa ina haja gani ya kungoja? Jina si linatosha kuuza?

Merikani inajibu. Baada ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliijaza Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na kigumu. Kitambaa hiki kilipanda bara mpaka kikawa fedha. Kilipimwa kwa mkono. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na hesabu za ujira na hongo zilifanywa kwa vipimo hivyo. Waingereza walijaribu kuuza cha kuigiza, lakini wanunuzi walitofautisha. Kilichofuliwa mara chache kikalegea hakikuitwa Merikani, hata kama kimepigwa muhuri wa kufanana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kati ya 1861 na 1865 Wamarekani walikuwa vitani wao kwa wao, pamba ikakosekana, na Merikani ikatoweka sokoni. Vita vilipokwisha nafasi ile haikurudi kama ilivyokuwa. Viwanda vya Bombay vilianza kutengeneza kitambaa kilichofanana nayo, vikiwa karibu zaidi na Unguja na vikisikiliza kwa makini uzito na uimara ambao watu wa bara walitaka. Kufikia miaka ya 1880 soko lilikuwa linaelekea mikononi mwao, na mnunuzi aliendelea kuita kitambaa hicho Merikani.

Habari hii ina mafunzo mawili, na wengi hushika moja tu. La kwanza ni kwamba ukitoweka kabisa, mwingine atachukua nafasi yako. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni kwamba Bombay ilishinda kwa sababu ilitengeneza kitambaa chema. Waingereza nao walikuwepo sokoni miaka yote ya nyuma, na kuwepo tu hakukuwasaidia. Jina humlinda mwenye jina kwa muda ambao mteja bado anakumbuka ubora. Muda huo ukiisha, jina linaweza kuhamia kwa mwingine.

Novemba kila mwaka

Pokémon ilianza polepole. Satoshi Tajiri alikua akikusanya wadudu, na alipoona Game Boy mbili zikiunganishwa kwa waya akawaza wadudu wakipita kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Kampuni yake ndogo ya Game Freak ilihangaika na wazo hilo kwa takriban miaka sita. Gemu za kwanza, Red na Green, zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, Game Boy ikiwa imeshatimiza karibu miaka saba sokoni na wengi wakidhani siku zake zimekwisha. Hakuna aliyesherehekea siku ya kwanza. Habari ilienea kwa watoto wenyewe, darasa kwa darasa. Marekani ilizipata Septemba 1998, Ulaya 1999.

Matoleo mawili yalikuwa wazo lililotokana na ushauri wa Shigeru Miyamoto wa Nintendo, na nguvu yake iko wazi: baadhi ya viumbe wanapatikana katika toleo moja tu, kwa hiyo anayetaka kuwakamilisha lazima atafute mwenzake wabadilishane. Watu wa njia ya Tabora wangelielewa jambo hilo mara moja. Chumvi ilitoka Uvinza, shaba ilitoka Katanga, pembe zilitoka pande nyingi, na hakuna nchi iliyokuwa na vyote. Upungufu wa kila mmoja ndio uliowakutanisha.

Kisha mnyororo ukarefuka. Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni ambayo leo inaitwa The Pokémon Company, mali ya Nintendo, Game Freak na Creatures, isimamie jina lote. Gemu ikafungamanishwa na katuni ya televisheni, kadi za kuchezea, wanasesere na filamu. Viumbe wapya wakizaliwa ndani ya gemu, kadi zao zinasubiri kiwandani, katuni inasubiri, maduka yanasubiri sikukuu za mwisho wa mwaka. Oktoba 2013 gemu za X na Y zilitoka duniani kote siku moja, na tangu hapo hata ile nafasi ya kurekebisha makosa baada ya Wajapani kuzicheza kwanza ikaondoka.

Tazama mfuatano uliokuja baadaye: Sun na Moon, Novemba 2016. Ultra Sun na Ultra Moon, Novemba 2017. Let's Go, Novemba 2018. Sword na Shield, Novemba 2019. Nyongeza mbili za gemu hiyo, 2020. Brilliant Diamond na Shining Pearl, Novemba 2021. Legends: Arceus, Januari 2022. Scarlet na Violet, Novemba 2022. Nyongeza zake, 2023. Huu ni msafara usiopiga kambi.

Dalili za uchovu zilionekana mapema. Mwezi Juni 2019 mtayarishaji Junichi Masuda alitangaza kwamba Sword na Shield hazitakuwa na viumbe wote wa zamani, ambao wakati huo walizidi 800. Kwa mfululizo uliokuwa umewalea wachezaji kwa ahadi ya kuwakusanya wote, hilo lilikuwa pigo, na waliolisikia zaidi ni wale waliowatunza viumbe wao tangu utotoni. Miaka mitatu baadaye Scarlet na Violet zilitoka zikiwa na dunia pana ya kutembea kwa uhuru, wazo zuri kabisa. Lakini picha ziliganda, wahusika walizama ardhini, mwendo ulikwama. Mwanzoni mwa Desemba 2022 Nintendo ilikiri matatizo hayo hadharani na kuomba radhi.

Gemu zile ziliuza zaidi ya nakala milioni 10 katika siku tatu za kwanza, kiwango ambacho Nintendo ilikitangaza kuwa cha juu kuliko gemu yoyote ya vifaa vyake. Watetezi wa ratiba wanaishika namba hii: mteja ameridhika, kwa nini kubadili? Mimi naisoma kwa namna nyingine. Mauzo ya siku tatu hupimwa kabla mnunuzi hajaijua gemu. Yanapima imani aliyokuja nayo kutoka kwenye gemu zilizotangulia. Ni sawa na doti iliyopokelewa kwa muhuri wake kabla haijafuliwa. Imani hiyo ilijengwa na miaka sita ya Tajiri na kazi ya waliomfuata, na kila toleo linaloondoka kabla halijakamilika hula sehemu yake.

Hofu ya pengo

Hoja nzito ya upande wa pili ni hofu ya Merikani: tukinyamaza, mwingine atakuja. Na kweli alikuja. Tarehe 19 Januari 2024 kampuni ya Pocketpair ya Japani iliachia Palworld, gemu ya kukamata na kufuga viumbe ambao wengi waliona wanafanana na wa Pokémon. Ndani ya siku tatu iliuza nakala zaidi ya milioni 5. Septemba mwaka huohuo Nintendo na The Pokémon Company zikaishtaki.

Lakini angalia ilikuja lini. Ilikuja mwishoni mwa kipindi ambacho Pokémon ilikuwa imeachia mali mfululizo kuliko wakati wowote. Kati ya Novemba 2021 na Novemba 2022 pekee zilitoka gemu kubwa za aina tatu, na 2023 nyongeza. Soko halikuwa na pengo la tarehe. Pengo lilikuwa la kitu kingine: wachezaji walitaka dunia iliyotengenezwa kwa uangalifu na namna mpya ya kucheza, na ratiba iliyojaa haikuwapa. Mshindani huingia mahali ambapo mteja hajatoshelezwa, kalenda iwe tupu au imejaa.

Halafu mwaka 2024 wenyewe ukapita bila gemu kubwa ya Pokémon. Jina halikufa. Mwezi Oktoba mwaka huo ilitoka gemu ya kadi kwa ajili ya simu, TCG Pocket, isiyolipiwa kuianza, na watu wakaipokea kwa wingi. Gemu kubwa iliyofuata, Legends: Z-A, ilitoka tarehe 16 Oktoba 2025. Wenyewe wameshaonja mwaka wa kupumzika, na nyumba haikuanguka. Hata kabla ya hapo, Agosti 2023, kiongozi wa shughuli za The Pokémon Company, Takato Utsunomiya, alikiri kwamba ndani ya kampuni kulikuwa na mazungumzo kuhusu kutoa matoleo mara kwa mara na wakati huohuo kulinda ubora. Kwa hiyo ninachokipendekeza hakiko mbali na wanachokifikiria wao.

Aliye mwisho wa njia

Sasa nirudi kwa mpokeaji, kwa sababu ndiye anayesahauliwa katika mabishano haya. Gemu yenye kasoro inapotoka, watengenezaji husema marekebisho yatafuata kwa intaneti. Kwa mtoto wa Tokyo mwenye intaneti ya kasi nyumbani, marekebisho hushuka akiwa amelala. Kwa kijana wa Tabora, Urambo au Sikonge, kila marekebisho ni bando. Kifaa cha Switch kilipotoka mwaka 2017 kiliuzwa Marekani dola 299, kabla ya usafiri na ushuru, na gemu kubwa moja dola 60 hivi. Mtu wa huku anayefanikiwa kukipata, mara nyingi kwa ndugu aliyeko ng'ambo au kikiwa kimetumika, amelipa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko mtu wa Chicago. Halafu anaambiwa anunue data ili alichokwisha kukinunua kifanye kazi inavyotakiwa. Kasoro ileile humgharimu zaidi aliye mbali.

Ratiba ya haraka inamuumiza pia kwa njia nyingine. Kila hatua ya mbele huacha kitu nyuma. Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la 3DS, na Aprili 2024 huduma za kucheza mtandaoni za kifaa hicho zikakomeshwa kwa sehemu kubwa. Aliyekipata kifaa kile kwa kuchelewa, kama tunavyopata vitu vingi huku, alifika sokoni na kukuta milango imefungwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilifupisha safari ya miezi hadi siku chache, na intaneti imefupisha zaidi, lakini umbali wa bei na wa muda bado upo. Anayepanga tarehe za kuachia gemu angepaswa kuujua.

Kwa hiyo ningewashauri wenye Pokémon mambo manne.

Kwanza, gemu kubwa ije kila baada ya miaka mitatu au minne, na tarehe isitangazwe hadi kazi imekaguliwa na kutimia. Mzigo ufungwe ukiwa kamili.

Pili, kadi na katuni zifunguliwe kutoka kwenye mnyororo. Viumbe wameshazidi 1,000. Hazina hiyo inatosha kulisha kadi na hadithi za televisheni kwa miaka bila kungoja gemu mpya, na waandishi wa katuni wanaweza kutembea kwa mwendo wao.

Tatu, miaka ya katikati ijazwe kwa gemu za zamani zinazofufuliwa kwenye vifaa vipya na kwenye simu, zikiwa nyepesi, za bei ndogo, na zinazochezeka bila kuunganishwa na intaneti kila saa. Hapo wapo wachezaji wengi ambao hawajawahi kufikiwa, na simu iko mikononi mwao tayari.

Nne, na hili nalitia mkazo, wanaotengeneza gemu wapewe kauli ya mwisho kuhusu siku ya kuondoka. Katika msafara wa Unyanyembe mwenye mali alikuwa na haki zake nyingi, lakini alipojaribu kupuuza msimu wa wapagazi, watu waliweka mizigo chini na kwenda zao. Walikuwa na nguvu hiyo, na nguvu hiyo iliifanya biashara iwe na akili. Mwandishi wa programu wa Game Freak hana shamba la kurudia mvua zinapokaribia. Anaubeba mzigo aliopangiwa, na uchovu wake tunauona kwenye kioo, picha zinapoganda.

Kuna wanaosema ushauri huu ni wa watu wasiojua biashara, kwamba wanahisa hawawezi kungoja. Biashara ya njia ya kati iliendeshwa na watu wakali wa hesabu, waliokopa kwa riba na waliojua gharama ya kila siku ya kukaa. Waliingoja kusi, wakaingoja kaskazi, wakawangoja Wanyamwezi wavune, kwa sababu hesabu zao zilijumlisha safari yote hadi Ujiji na kurudi. Hesabu inayoishia siku ya tatu baada ya kuachia gemu haijafika hata Mpwapwa.

Nayaandika haya pia kwa ajili ya vijana wanaotengeneza gemu na programu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wao wanaanza sasa, na wengi wanafundishwa kwamba kuachia mara kwa mara ndiko kuishi. Mteja wao wa kwanza ana simu ya bei ndogo na bando la siku moja. Wakimpa kazi iliyokamilika, atawarudia na atawaambia wenzake, kama watoto wa Japani walivyofanya mwaka 1996. Wakimpa nusu na ahadi, wamemtwisha mzigo ambao walipaswa kuubeba wenyewe.